Mipira Miwili Kwenye Meno ya Vumilia

Asubuhi ile nilipoketi kwenye benchi la kliniki ya meno, sikuwa na cheti cha shule yoyote ya mchana. Sikuwa na mke wa kunishauri. Sikuwa na miwani, kwa kuwa nilikuwa nimeikalia juzi yake. Sikuwa na usingizi wa siku tatu. Sikuwa na jibu la swali nililojua nitaulizwa. Na zaidi ya yote, sikuwa na uso wa kumtazama mjukuu wangu mdomoni.

Nilichokuwa nacho ni kofia, fimbo na uongo mmoja.

Kwa msomaji ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma: mimi ni Ngassa, mzee wa miaka sabini na mitatu, mkazi wa Nyasubi hapa Kahama. Kwa miaka thelathini nilikuwa mhudumu wa josho la ng'ombe. Kusoma nilijifunza nikiwa na ndevu, katika madarasa ya usiku ya watu wazima, na tangu hapo sijaamini kwamba lipo jambo lisilofundishika.

Vumilia, mjukuu wangu wa miaka kumi na mitatu, anakaa nami ili asome sekondari ya mjini. Kila akicheka alikuwa anafunika mdomo kwa kiganja, kwa sababu ya mwanya. Mwanya huohuo marehemu bibi yake alikuwa nao, na mimi nilimuoa nusu kwa ajili ya mwanya. Lakini watoto wa siku hizi wanasoma urembo kwenye simu, nami nikaamua kuwa dawa nayo nitaisoma hukohuko. Nikaona video ya kijana anayejiita Dokta Tabasamu. Nikachukua mpira mdogo wa kufungia nywele, nikauvisha kwenye meno yake mawili ya mbele.

Siku ya tatu mwanya ukapungua. Siku ya kumi mpira haukuonekana, tukadhani ameumeza usingizini. Hapo nikafanya jambo moja ambalo wiki jana sikuliandika. Nitalisema leo, likifika mahali pake.

Sasa zilikuwa zimepita wiki sita. Meno yalikuwa yamekutana, hilo sikatai. Lakini yalikuwa yameshuka kuliko wenzake, yalicheza ukiyagusa kwa ulimi, na ufizi ulitoa usaha.

"Shikamoo, mzee," akasema Daktari Mwanaima.

"Marahaba, daktari."

"Dawa nilizompa wiki mbili zilizopita alizimeza zote?"

"Zote. Nilikuwa natia alama kwenye kalenda."

Akatundika picha ya eksirei kwenye taa. "Sogea uone. Uliniambia wewe ni mtu wa kusoma."

Nikasogea.

"Mfupa wa meno haya yote ni mzima. Sasa tazama haya mawili ya mbele. Mfupa umeliwa karibu hadi kwenye ncha ya mzizi. Ugonjwa wa fizi wa kawaida hauli nyumba mbili tu ukaacha majirani wote. Kuna kitu chochote kiliwahi kuwekwa hapa?"

Mimi nikaitazama picha. Vumilia akanitazama mimi.

"Hakuna, daktari," akasema Vumilia.

Hakutumwa na mtu. Nilijua anachofanya, na Mungu anisamehe, nilishukuru.

Daktari akavuta mipira ya mikono. "Basi siwezi kutibu nisichokijua. Meno yenyewe yanashikiliwa na nyama tu. Nitayatoa yote mawili leo, usaha usije ukaenda kwa wenzake. Lala, mwanangu. Fungua mdomo."

Vumilia akafumba macho, akafungua mdomo.

Nimeona ng'ombe wakivutwa kuingia joshoni wakipiga mateke. Sijawahi kuona kiumbe kinachojilaza chenyewe ili king'olewe meno mawili, babu yake asiaibike.

"Daktari," nikasema, "kuna mpira."

"Mpira gani?"

"Wa nywele."

"Uko wapi?"

"Sijui. Ulipotea."

"Aliuweka nani?"

Nesi aliyekuwa akipanga vyombo akasimama. Nikavua kofia, sijui kwa nini.

"Mimi."

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mzee, wiki mbili zilizopita nilikuuliza."

"Uliuliza kama alianguka. Nikajibu hakuanguka."

"Na baada ya hapo nikauliza nini?"

"Kama kuna lingine lolote."

"Ukajibu?"

"Nikajibu hakuna."

Akachukua sindano ya ganzi, akaanza kuivuta dawa taratibu. "Kazi yako ilikuwa nini zamani?"

"Mhudumu wa josho. Na kuhasi ndama."

"Mlikuwa mnahasi kwa kitu gani?"

Hapo nikapata nguvu kidogo, kwa kuwa nimeulizwa ninachokijua. "Kwanza kwa koleo la kuponda. Baadaye serikali ikatuletea mipira. Ule ndio ustaarabu, daktari. Unautanua, unamvisha ndama pale juu, unamwachia aende zake kula majani. Hakuna kisu, hakuna damu. Baada ya wiki nne au tano..."

Nikautazama mdomo wa Vumilia.

"Endelea, mzee."

"Inakauka. Inadondoka yenyewe."

"Inadondoka yenyewe," akarudia, akaingiza sindano.

Vumilia alikunja vidole vya miguu.

"Umewahi kuliona jino lililong'oka?" daktari akaniuliza bila kugeuka.

"La ng'ombe, mara nyingi."

"Limekaaje?"

"Kama kigingi. Pana linakoonekana, jembamba linakoingia."

"Na ukikizungushia kigingi kitu kinachobana, kitakwenda upande gani?"

"Kitateleza kwenda kwenye wembamba."

"Ndiko ulikokwenda mpira wako. Haukumezwa. Ulipanda ndani ya ufizi, ukikata kila kilichoshika jino kuelekea kwenye ncha. Mwanya ulipungua kwa sababu meno yalikuwa yanapoteza pa kusimama. Na mpira wa namna hiyo eksirei haiuonyeshi. Usingesema, ningemng'oa mtoto meno yanayoweza kupona, na wewe ungekwenda nyumbani na siri yako."

Nimepigilia vigingi vya kufungia ng'ombe tangu nina miaka saba. Nimevisha ndama mipira mpaka vidole vikaota sugu. Elimu yote hiyo nilikuwa nayo mikononi, nikaiacha mlangoni, nikaenda kusoma kwa kijana wa kwenye simu.

Alimchana ufizi kidogo. Alitafuta kwa muda ambao sikuuhesabu. Kisha akainua kibano, na pale kwenye ncha yake palining'inia kitu kidogo kama uzi wa mboga, chenye damu.

"Huu hapa. Ulivisha mmoja tu?"

"Mmoja," nikasema.

Vumilia, na mdomo wake wazi na pamba mdomoni, akainua mkono. Akaonyesha vidole viwili.

Msomaji, hilo ndilo jambo ambalo sikuliandika. Mpira wa kwanza ulipopotea, nilivisha wa pili. Na hata pale, mbele ya mtoto aliyechanwa, ulimi wangu ulitafuta namna ya kupunguza.

Daktari akanitazama mara moja tu. Akainama tena.

Wa pili ulikuwa karibu zaidi, chini ya ule wa kwanza. Alipoutoa alisafisha, akashona, akayafunga meno yale kwa waya mwembamba kuyashikiza kwa majirani zake.

"Yatapona?" nikauliza.

"Siahidi. Baada ya wiki sita ndipo nitajua. Leo usimwache peke yake hata kidogo. Damu ikirudi, mlete hapohapo. Na kesho saa mbili asubuhi nataka kumwona."

Akanawa mikono. "Nionyeshe hiyo video."

Nikampa simu. Akaitazama mara mbili.

"Huyu jina lake nani?"

"Dokta Tabasamu."

"Ndilo alilopewa na mama yake?"

"Sijui."

"Anafanya kazi wapi?"

"Hakusema."

"Video inaishia siku ya ngapi?"

"Ya saba."

"Na wako ulipotea siku ya ngapi?"

"Ya kumi."

"Unaona anavyojua pa kukatia? Halafu mwishoni anauza dawa ya kung'arisha meno, yake mwenyewe." Akanirudishia simu. "Wapo madaktari wa kweli humo, mzee, na wengine nawatazama mimi mwenyewe. Lakini hao wanataja majina yao na mahali pao pa kazi, na hawakufundishi kujitibu kwa mpira wa nywele. Ungekuja tu kuuliza. Kuuliza peke yake. Watoto wadogo wengi, mwanya hujifunga wenyewe chonge zikiota. Na huyu wako tungemwekea waya za kupanga meno, au tungemwacha na mwanya wake akapendeza."

Mimi sinunui ng'ombe bila kumfungua mdomo. Mnadani wananijua kwa hilo, wananiita Mzee Meno. Na maneno ya mtu huyu niliyanunua bila kumuuliza hata jina.

Daktari akaiviringisha ile mipira miwili katika kipande cha bandeji, akanikabidhi. "Kamwonyeshe mama yake."

Mama yake ni Eufrasia, binti yangu wa kwanza. Yeye na mumewe wanalima Kharumwa. Hakuwa anajua lolote kuhusu usaha, kwa kuwa kila alipopiga simu nilimwambia mtoto yuko shuleni.

Tulipofika nyumbani, jirani yangu Akida alikuwa barazani kwake na cherehani, mguu mmoja ukiwa kwenye plasta tangu alipoangushwa na pikipiki. Akida ni Mnyamwezi wa Tabora, mtani wangu. Hajawahi kuniacha nipite salama.

"Naam, Ngassa," akasema. "Mmemfunga mtoto waya kama ile redio yako. Anashika stesheni gani?"

Vumilia akataka kucheka, maumivu yakamzuia. Akaenda ndani kulala.

"Akida, leo niache. Nisomee simu, miwani sina."

Nilimweleza yote. Alisikiliza, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakutia utani. Ndipo nikajua ubaya wa jambo lenyewe.

"Andika kwenye ile video," nikamwambia, "chini, pale pa maoni. Andika hivi: Ndugu msomaji, usifuate maelekezo haya. Mpira huingia ndani ya ufizi na kuua jino. Mimi yamenikuta. Weka nukta."

"Nimeweka."

"Tuma."

Akatuma. Tukakaa. Baada ya muda akaifungua tena, akakunja uso. "Hayapo."

"Hayapo nini?"

"Maneno yako. Ameyafuta. Na ukurasa wenyewe haufunguki. Amekufungia."

"Amenifungia mimi?"

"Wewe. Kwake umeshakuwa marehemu."

"Tumia simu yako."

Akatoa yake, ukurasa ukafunguka vizuri. Akasoma kimya, kisha akaniangalia kwa macho ambayo siyapendi.

"Ngassa, hapa juu kabisa ya maoni yote kuna mtu amewekwa mbele. Watu elfu moja na mia mbili wamempenda."

"Nani?"

Akasoma: "Mimi ni mzee wa miaka sabini na mitatu, si mtoto wa kudanganywa. Nimethibitisha kwa mjukuu wangu. Siku ya tatu mwanya umepungua. Asante, mwalimu."

Yalikuwa yangu. Niliyaandika siku ile ya tatu, nikiwa na furaha.

"Na nukta zote umeziweka mahali pake," akasema Akida.

"Yafute."

"Siwezi kufuta maneno yako kwa simu yangu. Na wewe umefungiwa nje, huyafikii."

"Kwa hiyo yatakaa hapo?"

"Yatakaa. Wewe ndiye shahidi wake sasa. Anakuweka mbele kama ng'ombe wa kengele, wengine wanafuata."

Nilipiga fimbo chini mpaka kuku wakatawanyika. Nilijifunza kuandika nikiwa na miaka thelathini na moja, kwa chaki iliyovunjika, kwenye ubao uliopakwa makaa ya betri. Sentensi yangu iliyosomwa na watu wengi kuliko zote ni hiyo, na ni ya uongo.

Wakati huo simu yangu, iliyokuwa bado mapajani mwa Akida, ikatetemeka.

"Eufrasia," akasema. "Ujumbe." Akaanza kuusoma kwa sauti, akaishia katikati.

"Soma."

"Ngassa."

"Nimesema soma."

Akasoma:

"Baba shikamoo. Ile video uliyonitumia, nami nilimwekea Martina mpira, kwa kuwa niliona umeandika mwenyewe kwamba inafaa. Ukapotea, nikamwekea mwingine. Sasa meno yanacheza na ufizi unatoa usaha. Mtabibu wa zahanati anasema ni ugonjwa wa fizi, kesho asubuhi anayang'oa. Habari ya mpira sijamwambia, nimeona aibu. Baba usimwambie mtu. Tuko njiani kwenda shambani, chaji inaisha."

Nilikuwa nimesahau kabisa kuwa nilimtumia. Nilimtumia nikijivuna, siku ileile ya tatu, nikaandika chini yake: Ona baba yako anavyosoma.

Martina ni mdogo wake Vumilia. Ana miaka tisa. Chonge zake hazijaota bado.

Nikapiga. Namba haipatikani. Nikapiga tena. Akida akapiga kwa yake. Mumewe Eufrasia hana simu tangu ilipoingia kisimani. Kharumwa najua watu wengi kwa sura, lakini namba ya mtu mwingine sina, wala ya zahanati.

"Nenda mwenyewe," akasema Akida.

Nikageuka kuutazama mlango aliolala Vumilia. Daktari alisema nisimwache. Nimwache huyu anayevuja damu nikamwokoe yule, au nikae na huyu yule ang'olewe? Nilizunguka ua ule mara tatu kama ng'ombe wa kupura mpunga.

"Basi la Kharumwa linaondoka saa tisa," akasema Akida. "Sasa ni saa nane na nusu. Wewe si mtu wa barua? Andika barua."

Nikachukua daftari. Bila miwani niliandika herufi kubwa kama za ubaoni. Nikaanza: Kwako mpendwa binti yangu Eufrasia, ni matumaini yangu kwamba u mzima wa afya, ama mimi huku...

Akida alichungulia. "Matumaini waachie wenye muda."

Nikachana. Nikaandika upya:

"Eufrasia. Meno ya Martina yasing'olewe. Mtabibu aambiwe kuna mipira miwili ndani ya ufizi na eksirei haiioni. Mleteni Kahama kwa daktari wa meno. Vumilia nilimvisha mipira hiyohiyo nikamficha daktari wiki mbili, na leo amechanwa. Niliyoandika kwenye ile video si kweli. Aibu hii ni yangu, si yako, nipe niibebe. Baba yako, Ngassa."

Maishani mwangu sijawahi kutuma barua bila kuirudia kutafuta makosa. Hii sikuirudia.

Nilipoinua kichwa Vumilia alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa mdomoni. Alikuwa ameisoma. Akanyoosha mkono, nikampa kalamu. Akaandika chini kwa mwandiko wake mzuri kuliko wangu:

"Mama, mwambie daktari. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya Babu, na yeye alinyamaza kwa ajili yake."

Nikaisoma sentensi hiyo mara mbili. Sikuifuta.

Nikatia barua ndani ya bahasha. Nikachukua ile bandeji ya daktari, nikaitia na mipira yenyewe miwili humo humo, ili mtabibu asiseme ni maneno ya mzee. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka kwa kukaa. Vumilia akachovya kidole kwenye kikombe chake cha uji, akapaka ukingoni, mimi nikabana kwa kiganja mpaka ikashika. Juu nikaandika: Kwa Mtabibu wa Zahanati, Kharumwa. Afungue kabla hajashika koleo.

Akida akaketi mlangoni kumlinda Vumilia na ule mguu wake wa plasta. Mimi nikapanda bodaboda hadi stendi.

Basi lilikuwa linaunguruma. Kondakta, kijana mmoja anaitwa Gregory, alikuwa anafunga turubai juu ya magunia.

"Shikamoo, mzee. Unasafiri?"

"Marahaba. Barua inasafiri. Ifike zahanati ya Kharumwa leo hii, mkononi kwa mtabibu."

"Leo tunapitia machimboni kwanza, kuna pampu za watu za kushusha. Tukichelewa tunalala hukohuko, Kharumwa tunaingia kesho."

"Kesho saa ngapi?"

"Mzee, hiyo ni ya barabara."

Akaipokea bahasha. Akaibonyeza kwa kidole gumba pale ilipovimba, akatabasamu kama wanavyotabasamu watu wa njia ile ya dhahabu.

"Humu kuna nini, mzee? Jiwe?"

"Hapana," nikasema. "Meno ya mtoto."

Tabasamu likamwisha. Akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akagonga bati mara mbili, basi likaondoka.